Vidonge vya kliniki vikikuchafua moyo: jinsi ya kuvimeza vikakaa

Kwenye droo nyingi za Dar es Salaam kuna kifuko cha vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, kimeandikwa "1 x 1" kwa kalamu, na ukikifungua, vidonge vya mwezi mzima karibu vyote vimo. Mwenye kifuko hakusahau. Alimeza viwili vitatu, moyo ukamchafuka, akatapika chai yake ya asubuhi, akaona heri aviweke pembeni na kumwambia nesi kwamba vimekwisha. Nesi anajaza kadi, anampa vingine, na kifuko cha pili kinakwenda kulala juu ya cha kwanza.

Vidonge hivyo vinamezeka. Mara nyingi kinachokorofisha ni saa ya kumeza, tumbo tupu, au madini ya chuma yanayomezwa mara mbili bila mwenyewe kujua.

Ni mimba au ni kidonge?

Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, hukaza karibu na wiki ya 9, na kwa walio wengi huwa kimelegea kati ya wiki ya 16 na ya 20. Hakina saa maalumu, ingawa wengi hukisikia asubuhi. Harufu hukiamsha: kitunguu kinachokaangwa kwa jirani, dagaa, marashi ya abiria mwenzako.

Kichefuchefu cha kidonge kina saa yake. Huja baada ya nusu saa hadi saa mbili tangu umeze, mara nyingi pamoja na ladha ya kutu mdomoni na maumivu au moto sehemu ya juu ya tumbo, chini ya kifua.

Njia ya kuvitenganisha haina gharama. Kwa siku 3 andika nyuma ya daftari saa uliyomeza, ulichokula kabla, na saa moyo ulipoanza kuchafuka. Siku 3 zinazofuata hamisha kidonge kutoka asubuhi kwenda usiku, usibadilishe kitu kingine. Kichefuchefu kikihama pamoja na kidonge, mkosaji umempata. Kikibaki asubuhi vilevile, kidonge kilikuwa kinasingiziwa. Kati ya wiki ya 6 na ya 14 utakuta mara nyingi vyote viwili vimo, mimba imeshalilegeza tumbo, halafu kidonge kinaongezea. Hata hapo, kuondoa sehemu ya kidonge ni nafuu kubwa.

Kilichomo ndani

Kidonge cha kliniki ambacho wengi wanakiita FEFO kina vitu viwili tu: madini chuma na foliki asidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na foliki asidi mikrogramu 400. Usichanganyikiwe na namba ya kwenye pakiti. Kidonge kilichoandikwa ferasi salfeti miligramu 200 hakina chuma miligramu 200. Chuma chenyewe humo ni kama 60 hadi 65, kingine ni chumvi iliyokibeba.

Anayechafua moyo ni chuma. Mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya hiyo 60, na inayobaki hukwaruza ukuta wa tumbo na utumbo. Hiyo ndiyo inayoleta kichefuchefu, choo kigumu, au kwa wengine kuhara. Mimba nayo huifanya njia ya chakula iende taratibu, kwa hiyo kinachobaki kinaweza kukawia humo kuliko kingekawia kwa mtu asiye na mimba.

Foliki asidi kwa kiasi hicho kidogo ni nadra kumsumbua mtu, na ndiyo isiyotakiwa kukosa mwanzoni. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi bado hawajapima. Usipojifunga vizuri ndipo linapotokea tatizo la mgongo wazi. Kwa sababu hiyo, mama anayetapika sana ndani ya miezi 3 ya kwanza anaweza kuongea na kliniki, na kama wingi wa damu yake ni mzuri, apumzishwe chuma kwa muda abaki na foliki asidi peke yake. Kuacha kifuko chote kwa sababu ya chuma ni kuitupa foliki asidi isiyo na kosa.

Hapo kuna mtego mmoja. Foliki asidi ya peke yake kwenye maduka ya dawa mara nyingi ni ya miligramu 5, yaani zaidi ya mara 12 ya mikrogramu 400. Kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP, zile dawa za kuzuia malaria unazomezeshwa mbele ya nesi kuanzia muhula wa pili wa ujauzito. Ukiwa unatumia ya miligramu 5, mwambie nesi kabla hujapewa SP, akuambie usimamishe kipi na kwa muda gani.

Panga makopo yote mezani

Kabla ya kubadilisha saa au chakula, fanya hesabu hii, maana kosa lenyewe hatulioni kwa sababu kila kopo lilikuja kwa njia yake. FEFO ulipewa kliniki. Vitamini za wajawazito, zile za boksi zuri, ulinunua famasi au dada alikuletea kutoka Uingereza. Dawa ya maji ya kuongeza damu alikuja nayo mama mkwe. Kila mmoja alikuwa na nia njema.

Viweke vyote mezani, geuza lebo, tafuta mstari wa Iron. Boksi la vitamini za wajawazito mara nyingi lina chuma miligramu 27 au karibu na hapo. Ukijumlisha na 60 ya FEFO tayari ni 87, na bado hujagusa dawa ya maji. Kiasi ambacho watu wazima wengi hukivumilia bila tumbo kulalamika ni miligramu 45 kwa siku. FEFO peke yake imeshaupita mpaka huo, kwa sababu ya maana: damu ya mjamzito inahitaji. Kuipandisha hadi 87 au 120 bila mtu kukuandikia ni kuununua ugonjwa.

Chagua chanzo kimoja cha chuma. Kama damu yako imepimwa na iko gramu 11 au zaidi, nenda na daftari lako na maboksi yako kliniki, muulize nesi ubaki na kipi. Kama iko chini ya 11 huenda umeandikiwa vidonge 2 kwa siku makusudi. Hapo usijipunguzie, ila vitenganishe, kimoja mchana na kingine usiku, badala ya vyote mara moja.

Na zile vitamini za kutafuna zinazofanana na peremende? Hazichefui, ni kweli, kwa sababu nyingi hazina chuma kabisa. Soma lebo kabla hujafurahi.

Saa ya kumeza, na cha kumezea

Vitabu vinasema chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Ni kweli, na ndiyo maana wengine huambiwa wameze saa moja kabla ya kula. Lakini kwa mwenye moyo mwepesi ushauri huo haufai. Chakula hupunguza chuma kinachoingia mwilini, ila kidonge kilichoingia nusu kina faida kuliko kilichoishia kwenye beseni. Anza na chakula. Tumbo likizoea baada ya wiki mbili tatu, sogea taratibu mbali na mlo kama unataka.

Utaratibu unaowafaa wengi ni huu wa usiku:

1. Kula chakula cha kawaida saa 1:30 usiku: wali, ugali, ndizi, chochote kinachokaa tumboni. Punguza mafuta na pilipili kwa siku hizo za majaribio. Ukiwa na mchicha, matembele au maharage, vyema. Chai na maziwa viondoke kwenye mlo huu.
2. Subiri dakika 20 hadi 30. Usimeze mara tu baada ya tonge la mwisho wakati tumbo limebana.
3. Meza kidonge kwa glasi nzima ya maji, kama mililita 200, si funda moja. Kidonge kikikwama kooni au kikiyeyuka karibu na mlango wa tumbo kinachoma.
4. Fuatisha kitu chenye vitamini C: chungwa moja, pera, au nusu glasi ya juisi ya pasheni. Vitamini C husaidia chuma kuingia, na uchachu unaondoa ile ladha ya kutu. Mwenye kiungulia asilazimishe uchachu, maji yanatosha.
5. Kaa wima angalau nusu saa. Osha vyombo, kaa barazani, upepo ukupige. Kisha lala saa 4. Wimbi la kichefuchefu likija, linakukuta usingizini.

Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mama wa Dar. Umeamka saa 11 alfajiri, tumbo tupu, umemeza kidonge na chai ya rangi, halafu umesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara bila mahali pa kuegemea. Kidonge kinaanza kazi mkikaribia Ubungo. Chai hiyohiyo, iwe ya rangi au ya maziwa, inakizuia chuma kuingia, kwa hiyo unapata kichefuchefu chote na damu kidogo. Chai ikae mbali na kidonge kwa saa 1 hadi 2, kabla na baada. Kahawa vilevile.

Kama usiku unalala mapema mno, jaribu baada ya chakula cha mchana. Kama umeajiriwa na mchana wako ni sahani ya mama ntilie, beba kidonge kimoja kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko. Ukikifunga kwenye karatasi ndani ya mkoba, joto na jasho vitayeyusha sukari yake ya juu, na utakikuta kimeganda na kinanuka chuma kabla hakijafika mdomoni.

Kumeza kwenyewe kuna ufundi. Kidonge kigumu huzama kwenye maji, kapsuli huelea. Wengi tunainua kichwa juu kwa vyote viwili, ndipo kapsuli inapopanda mbele ya mdomo na kukaa kwenye ulimi ikinuka. Kwa kapsuli fanya kinyume: weka ulimini, piga funda la maji, inamisha kidevu kifuani, meza. Maji ya baridi huua harufu kuliko ya uvuguvugu. Kinachosumbua kabla hata hujameza mara nyingi ni harufu, basi mimina vidonge vya wiki kwenye chombo kingine, ili usifungue kopo lote kila siku.

Usikivunje FEFO vipande viwili ili kiwe rahisi. Ganda la juu ndilo linaloficha chuma. Ukilivunja unakilamba, na tumbo linakipokea kikiwa uchi. Kidonge au kapsuli iliyotengenezwa iachie dawa taratibu ndiyo kabisa haivunjwi wala haitafunwi. Anayetumia dawa ya maji ya chuma aivute kwa mrija iende nyuma ya ulimi, kisha asukutue, vinginevyo meno yatapata rangi nyeusi.

Ukitapika baada ya kumeza, usirudie siku hiyo, na kesho usimeze viwili kufidia. Endelea na kimoja kwa saa yake.

Cha kutuliza moyo

Tangawizi inasaidia, lakini si ile ya kuchemshwa na majani ya chai. Chukua kipande kibichi cha ukubwa wa nusu ya kidole gumba, kiponde, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Kunywa kwa mafunda madogo nusu saa kabla ya kidonge. Ya unga isizidi gramu 1 kwa siku, takriban nusu kijiko cha chai, na ikikuletea kiungulia iache.

Weka kitu kikavu karibu na kitanda: kipande cha mkate, kiazi kitamu kilichochemshwa jana, mbisi. Kula kidogo kabla hujanyanyua kichwa. Baada ya hapo tumbo lisikae tupu zaidi ya saa 3. Kwa joto la Januari na Februari hapa mjini maji yanakutoka kwa jasho hata kabla ya kutapika, basi kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Ukijaza glasi mbili kwa mkupuo zitarudi.

Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara 3 kwa siku, hutumika kwa kichefuchefu cha mimba, daktari au nesi akikubali. Tahadhari: vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12 vinavyouzwa kwa wenye ganzi huwa na B6 ya miligramu 100 au 200 kwa kimoja. Jina linafanana, kipimo hakifanani.

Choo kigumu nacho huongeza kichefuchefu, jambo ambalo watu hawaliunganishi. Tumbo lililofunga siku 3 halipokei kitu kwa furaha. Papai, embe, ukwaju uliolowekwa, maharage, maji, na kutembea dakika 20 jua likishapoa. Choo kuwa cheusi au kijani kilichoiva ni kawaida, ndicho chuma kinachotoka. Kisicho kawaida ni cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya.

Udongo, yaani pemba ile ya vipande inayouzwa sokoni, unaweza kuonekana unatuliza moyo. Lakini hushika chuma tumboni kisiingie, unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi yenye sumu, na hamu yenyewe ya kuula mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Usione aibu kumwambia nesi. Na juisi ya rozela, pamoja na sifa zake zote mtaani, haichukui nafasi ya kidonge. Rangi nyekundu si chuma.

Dawa zisizokaa pamoja na chuma

Kalsiamu: itenge na chuma kwa saa 2 au zaidi. Kama umeandikiwa kalsiamu miligramu 1,500 kwa siku ili kuzuia kifafa cha mimba, na vidonge 3 vinakujaza gesi, muulize daktari wako kuhusu kipimo cha 500. Jaribio lililofanyika hapahapa Dar es Salaam na Bangalore, India, kwa wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza kila upande, lilitoa matokeo mwaka 2024: kwa kuzuia kifafa cha mimba, 500 haikuwa nyuma ya 1,500.

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri anaweza kuzimeza pamoja na chuma au kalsiamu kama anakula chakula wakati huohuo. Akiwa hajala, ARV zitangulie saa 2 kabla ya chuma, au zifuate saa 6 baada yake. Chuma pia hupunguza nguvu ya metildopa, dawa ya presha wanayopewa wajawazito wengi, na dawa za kiungulia hupunguza nguvu ya chuma. Zitenganishe. Mwenye selimundu au anayetumia dawa za kifafa asifuate dozi ya jirani, yake hupangwa peke yake.

Ikishindikana nyumbani

Jipe wiki 2 za utaratibu wa usiku. Moyo ukiendelea kuchafuka, nenda kliniki na useme kwa namba. "Vidonge vinanichefua" ni sentensi ambayo nesi anaisikia mara 20 kwa siku. Jaribu hii: "Shikamoo nesi. Nameza kimoja saa 2 usiku baada ya kula, baada ya saa moja nachefukwa, nimetapika mara 4 ndani ya wiki 2. Damu yangu hudhurio lililopita ilikuwa 10.8. Kuna kingine chenye chuma kidogo, au nimeze siku moja niruke moja?" Hapo umempa kila anachohitaji kuamua.

Maswali hayo yana msingi. Chuma cha ferasi glukoneti cha miligramu 300 hubeba miligramu 35 tu, kwa hiyo hukwaruza kidogo. Na ukimeza chuma leo, mwili hutoa homoni inayofunga mlango kwa karibu saa 24, ndiyo maana kumeza siku moja na kuruka moja kunaweza kumfaa mtu ambaye kila siku imemshinda. Ila uamuzi huo unategemea wingi wa damu na umri wa mimba. Mwenye damu ya chini na wiki 34 hana muda wa kuruka siku. Huenda akahitaji chuma cha dripu.

Usingoje hudhurio lijalo kama hakuna kinachokaa tumboni kwa saa 24, hujakojoa kwa saa 8 au mkojo ni wa rangi ya chai, unaona kizunguzungu ukisimama, uzito unashuka, au matapishi yana damu. Kutapika pamoja na homa, pimwa malaria kwanza siku hiyohiyo kabla ya kukilaumu kidonge. Na kichefuchefu kipya baada ya wiki ya 20 kikija na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana kinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba.

Vidonge viweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko mgumu, mbali na jiko na bafu, juu ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Vina rangi na sukari juu, na mtoto wa miaka 2 anaviona ni pipi, kumbe vichache tu vinaweza kumuua. Akivila, mpeleke hospitali papo hapo na kopo mkononi, hata kama anacheza na haonyeshi dalili yoyote.